Kobe wa Mkono wa Kushoto

Kituoni, 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mfikishie na mkaza-mjomba shikamoo yangu, umwambie gauni la kazi alilonishonea limeingia tope mpaka kwenye kola lakini halijaachia uzi hata mmoja.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimempata.

Ilikuwa jana saa nne asubuhi, kwenye mkondo mwembamba nyuma ya mafunjo, pale ambapo mtumbwi haupiti mpaka ushuke uusukume huku tope linakufika kiunoni. Mama Upondo, yule mama anayeniendeshea mtumbwi, ndiye aliyeona wavu unatikisika. Tukadhani ni kambare. Tulipovuta, tukavutwa sisi. Kobe, Mjomba! Kobe wa kinamasi, yule yule wa picha za darasani, gamba lake sentimita sabini na tisa kwa utepe. Tulimpandisha mtumbwini tukihema, kisha mimi nikakaa kwenye tope nikalia, na Mama Upondo akanicheka mpaka akashika mbavu.

Unajua kwa nini nililia. Ofisi imenileta hapa kwa miezi mitatu tu, niorodheshe ndege na samaki kabla kinamasi hakijakaushwa. Katapila tatu zimeshaegeshwa kule kwenye nchi kavu, na tarehe mosi Aprili zinaanza kuchimba mfereji wa kutoa maji yote, ili yapatikane mashamba. Kibali kimetolewa kwa sababu moja, iko ukurasa wa pili: kobe wa kinamasi, kiumbe pekee wa hapa anayelindwa na sheria, hayupo tena. Ushahidi waliotaja ni taarifa yako ya miaka thelathini na moja iliyopita. Siku sitini ulizunguka humu, na jibu lako likawa neno moja: "Hakuna."

Sasa nisaidie. Kobe huyu ana alama. Ukingo wa gamba lake umekatwa kwa tupa mahali pawili: upande wa kushoto kwenye kigae cha pili kuanzia shingoni, na upande wa kulia kwenye kigae cha tatu. Si kovu la ajali, kingo zimenyooka. Kwa kusoma kama tulivyofundishwa, kulia makumi na kushoto mamoja, huyu ni namba thelathini na mbili. Nani alimtia alama? Hakuna mtu wa kazi yetu aliyewahi kufika huku ila wewe.

Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Nijibu kwa gari la samaki, hupita hapa Jumatatu na Alhamisi. Simu haishiki hata ukipanda juu ya paa, na mimi nimepanda.

Mpwa wako,
Kidomo


Nyumbani, 10 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma. Sikumtia alama kobe yeyote katika kinamasi hicho. Hayo mapengo uliyochora ni meno ya mamba. Mamba wadogo hutafuna ukingo wa gamba wakijifunza kuwinda. Taarifa yangu ilikuwa sahihi siku nilipoiandika. Mrudishe huyo mnyama majini, maliza orodha yako ya ndege, urudi nyumbani. Usianze ugomvi na watu wenye katapila kwa ajili ya kobe mmoja mzee.

Ila kuna jambo siwezi kulinyamazia, maana mimi ndiye niliyekutia kwenye kazi hii, na ukiharibu wewe nimeharibu mimi. Usomaji wako ni ovyo. Thelathini na mbili! Unaanza kushoto, huko ndiko kwa makumi, halafu unakwenda kulia. Ishirini na tatu. Na usimnyanyue tena kwa kumshika ubavuni, jike yule anageuza shingo haraka na anauma. Sijui siku hizi mnafundishwa nini.

Kunywa maji yaliyochemshwa.

Mjomba wako


Kituoni, 14 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hodari huyo mamba, anajua kuhesabu! Na anaanzia kushoto.

Ofisi nzima inasoma kuanzia kulia, tangu kitabu cha mwongozo kilipoandikwa. Namjua mtu mmoja tu duniani anayeanza kila kitu kushoto, na ni yule anayegombana na kila mkasi anaouziwa dukani kwa sababu umetengenezewa mkono wa kulia. Na ni wapi nilipokuandikia kwamba ni jike? Wala sikukuambia kuwa ameniuma. Ameniuma kweli, kidole cha shahada, ndiyo maana mwandiko wangu leo unayumba.

Sina hasira, Mjomba. Ninazo kidogo. Nisikilize.

Mhandisi wa mfereji alikuja jana, viatu vyeupe pee, sijui anatembea juu ya nini. Akamtazama kobe kwenye tangi nililomweka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, umemnunua wapi?" Nikamwambia nimemtoa humo humo majini. Akatabasamu. "Kobe hubebwa kwenye gunia. Unaweza kumtoa popote ukamtia hapa. Na mzee wenu mwenyewe, bingwa wa kazi hii, alitafuta miezi miwili akasema hakuna."

Kamati ya Ardhi na Maji inakaa huko mjini tarehe tisa Machi. Ndiyo pekee inayoweza kuzuia katapila. Nikiwapelekea kobe mtupu watasema nimemleta kwenye gunia. Anayeweza kusema kobe huyu ni mwenyeji wa hapa ni yule aliyemkata gamba miaka thelathini na moja iliyopita, na awe na maandishi.

Uliona wangapi? Niambie mimi tu kwanza.

Kidomo


Nyumbani, 20 Februari

Mpwa wangu,

Ishirini na saba.

Majike kumi na sita, madume kumi na moja. Niliwatia alama wote na kuwapima wote, na waliobaki bila kunaswa sikuwajua idadi yao. Haya, umefurahi?

Sasa usikilize na mimi. Kabla ya kinamasi hicho nilifanya kazi kwenye bwawa jingine, kubwa, siku tatu kutoka hapo ulipo. Nilikuwa kijana mwenye bidii kupindukia. Niliandika kobe arobaini na mmoja, nikachora ramani, nikaweka nukta mahali kila mmoja anapoota jua. Ofisi ikaisambaza taarifa, nikapigiwa makofi. Baada ya miezi minne nikarudi kuwatazama. Kwenye gati nilikuta magamba yamepangwa safu, yamesafishwa tayari kwa kusafirishwa. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwepo. Alikuwa na ramani yangu imekunjwa mfukoni, na aliponijua akanipa mkono. "Ramani yako safi sana, bwana. Hatukupoteza hata siku moja." Nilimpa mkono na mimi. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa mkono.

Kwa hiyo huko kwenye kinamasi niliandika hakuna. Kwa neno hilo nikapewa sifa ya mtu wa kweli asiyepamba kazi yake, nikapewa cheti, nikapewa wanafunzi. Na kobe wakaachwa. Hakuna aliyewasumbua kwa miaka thelathini na moja. Nionyeshe ukweli uliowahi kumlinda kobe muda wote huo.

Nikisimama mbele ya kamati na kusema nilidanganya, kila nilichowahi kuandika kitatiliwa shaka, na kila niliyemfundisha ataulizwa kama naye anaandika hivyo hivyo. Sisimami. Na hata nikitaka sina cha kuonyesha, daftari nililichoma.

Nisamehe.

Mjomba wako


Nyumbani, 21 Februari

Mwanangu,

Mjomba wako amekwenda kupeleka barua yake. Mimi nimengoja apotelee kwenye kona ndipo nichukue kalamu.

Daftari halijachomwa. Liko chini ya cherehani yangu, ndani ya kasha la vifungo, na yeye analijua. Kila nikimaliza kushona hulisogeza kidogo akitafuta mafuta ya mashine, halafu hulirudisha.

Wala si lake peke yake. Mwandiko wa mle ndani ni wangu. Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya mtumbwi siku sitini, yeye akiwa amezama tope mpaka kifuani na tupa mkono wa kushoto, akiita namba nami naandika. Tulikuwa na miezi mitano tangu tuoane. Watu walikuwa wananionea huruma, eti bibi harusi kapelekwa matopeni. Sijawahi kufurahi vile. Halafu kwa miaka thelathini na moja nimekaa kwenye sherehe zake, nikamsikia akitambulishwa kuwa ndiye aliyethibitisha kinamasi ni kitupu, na mimi napiga makofi na wenzangu. Viganja vimechoka.

Alichofanya kwa kobe hakikuwa kibaya. Kibaya ni kwamba amezoea cheti.

Nimemwambia hivi: tarehe tisa daftari litakwenda kwenye kamati. Achague tu kama litaenda mkononi mwake au mwangu.

Mkaza-mjomba wako


Kituoni, 28 Februari

Mjomba, Mkaza-mjomba,

Shikamooni.

Mjomba, umeniuliza ni ukweli gani uliowalinda. Hadithi ya yule mtu wa gati imenikosesha raha siku nzima. Nami nakuuliza: ni uongo gani utakaozuia katapila? Neno lako liliwafukuza wawindaji, ndiyo, lakini leo limewaita wachimbaji. Maji yakitoka humu, kobe watanasa kwenye tope linalokauka kwa jua, hao ishirini na saba na watoto wao na wale ambao hukuwakamata.

Nakupenda sana, na hiyo ndiyo shida yangu. Usipokwenda nitakuja likizo kama kawaida, nitakula kwenu, tutacheka, na nitakudharau kidogo kila siku. Sitaki.

Nimemrudisha ishirini na tatu majini. Nikimweka tangini atakufa kabla ya kikao. Picha zipo.

Kidomo


Nyumbani, 10 Machi

Mpwa wangu,

Nilikwenda. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Mkaza-mjomba wako alikuwa nyuma yangu hatua mbili, nadhani ili nisigeuke.

Chumba chenyewe ni kidogo, feni moja, meza yenye kitambaa cha kijani. Wajumbe watano. Watatu kati yao niliwafundisha. Nilisema: taarifa yangu ni ya uongo, niliidanganya ofisi kwa kujua, na ushahidi ni huu hapa. Mwenyekiti, mama mmoja mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari ya gati. Mmoja wa wanafunzi wangu alitazama dirishani muda wote niliokuwa nasema. Huyo ndiye aliyeniumiza.

Mhandisi akasimama. Sikumchukia, alisema la mtu yeyote mwenye akili. "Mzee amekiri kwamba huandika uongo inapomfaa. Leo tuamini daftari lake kwa nini? Daftari linaweza kuandikwa wiki iliyopita." Mkaza-mjomba wako akafoka kwamba karatasi ni ya manjano na wino umekauka tangu Mhandisi anavaa nepi. Akaombwa akae chini. Hakukaa.

Basi Mwenyekiti akatoa uamuzi ambao sijawahi kuusikia. Daftari limefungwa kwenye bahasha kwa lakiri, liko kwenye kabati lake. Wewe hujawahi kuliona hata jalada. Una mpaka tarehe ishirini na sita Machi kumtafuta kobe mwingine mwenye alama, si yule wa kwanza. Karani wa kamati anakuja kukaa nawe ashuhudie. Mtaandika mahali alama zilipo, na dosari yoyote aliyonayo mwilini, na maandishi hayo yaletwe kwa kamati. Bahasha itafunguliwa mbele ya wote. Maandishi yenu na daftari vikilingana, kibali kinafutwa. Visipolingana, au usipompata, tarehe mosi wanachimba.

Kuanzia leo barua zetu zote zinapitia kwa Mwenyekiti, na ninakatazwa kukuambia chochote kuhusu kobe. Hii ndiyo ya mwisho ninayoweza kusema kitu, na muda wangu umekwisha, Karani anaisubiri mlangoni.

Tafuta. Tafuta mpaka miguu ikatae.

Mjomba wako


Kituoni, 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo na wewe, Mama Mwenyekiti, unayesoma hii kabla yake.

Siku ya tatu leo. Mitego kumi na miwili, tunaikagua alfajiri na alasiri. Tumepata kambare, nyoka wa maji mmoja, na ndoo ya plastiki. Karani ni mtu mwema ila anaogopa maji. Anakaa katikati ya mtumbwi kashika pande zote mbili, na daftari lake la ushahidi amelifunga kwenye mfuko wa nailoni shingoni. Ruba walimpata jana. Alipiga kelele, kisha akatoa kalamu akaandika: saa tatu na dakika kumi, ruba watatu, mguu wa kulia. Nimeanza kumpenda.

Mama Upondo anasema tutampata. Nilipomuuliza anajuaje, akasema hajui, ila hajawahi kuona mtu mkaidi kama mimi akarudi mikono mitupu.

Sijalala vizuri. Kinamasi ni kikubwa, Mjomba. Sikuwahi kukiona ukubwa wake mpaka nilipohitaji kupata kitu ndani yake.

Kidomo


Nyumbani, 19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hali ya hewa hapa ni ya joto. Mgongo unaniuma kiasi. Mkaza-mjomba wako amepata oda ya sare za shule.

Nimekuwa nikifikiria mahali pazuri pa mtu mzee kupumzika. Mimi binafsi, jua la saa sita likiwaka, hupenda kukaa mahali penye kivuli cha . . .

[Mistari minne imefutwa. Mzee, nimekuelewa hata mimi nisiyejua kobe. Usirudie. – Mwenyekiti]

Nakutakia kazi njema. Kula vizuri.

Mjomba wako


Kituoni, 24 Machi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ardhi na Maji

Mama,

Taarifa ya kupatikana kobe wa kinamasi mwenye alama.

Amepatikana leo tarehe 24 Machi, saa tano kasoro robo asubuhi, kaskazini mwa kituo, mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi na nusu saa kwa miguu ndani ya tope. Hakuingia mtegoni. Alikuwa ameota jua juu ya mafunjo yaliyolala, na nilimkamata kwa mikono. Ni dume. Gamba sentimita sitini na nane.

Alama: upande wa kushoto, kigae cha kwanza kuanzia shingoni. Upande wa kulia, kigae cha tisa.

Dosari: mguu wa nyuma wa kulia hauna kucha mbili za nje. Jeraha ni la zamani sana, ngozi imefunga laini. Kwenye gamba, karibu na mkia, kuna ufa mfupi ulioziba.

Sijui daftari linasema nini. Kama sikosei ni namba kumi na tisa, na kama halina kumi na tisa mwenye kucha zilizokatika basi nimeshindwa, na nitasema mwenyewe kwamba nimeshindwa.

Jambo jingine, ambalo hukuliuliza, Mama, lakini naona ni wajibu wangu kuliandika. Mita kumi kutoka hapo tumekuta kobe mdogo, gamba lake sawa na kisahani cha chai. Hana alama yoyote. Hajafikisha miaka miwili. Tumempima, tukamwacha.

Kwa heshima,
Mpima wanyama, Kituo cha Kinamasini

Nimeshuhudia yote hapo juu. Nimeanguka majini mara mbili nikishuhudia. – Karani


Nyumbani, 29 Machi

Mwanangu,

Mjomba wako ameniambia niandike mimi, yeye hawezi.

Mwenyekiti alikata lakiri kwa kisu cha kufungulia barua, akafungua ukurasa kwa ukurasa, taratibu kama anayetuadhibu. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Kisha Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Namba kumi na tisa. Dume. Kushoto cha kwanza, kulia cha tisa. Mguu wa nyuma kulia, kucha mbili za nje hazipo, huenda ni samaki au mamba. Ufa karibu na mkia. Mpole."

Hilo neno la mwisho mjomba wako hakuliita. Nililiongeza mimi, kwa sababu kobe yule alikuwa amenitazama bila kufungua mdomo. Miaka thelathini na moja imepita, na pale kwenye kikao nililia kwa neno hilo.

Kibali kimefutwa. Mhandisi alimpa mjomba wako mkono na kusema, "Mzee, umenigharimu mwaka mzima." Safari hii mjomba wako alijua kwa nini anatoa mkono.

Sasa na bei yake. Cheti wamekidai, amekirudisha siku ile ile. Haruhusiwi tena kutia sahihi taarifa yoyote ya ofisi. Kazi zake zote zitapitiwa upya moja moja, na wanafunzi wake wameandikiwa barua. Aliposomewa akasema tu, "Ni haki." Leo asubuhi kanigombeza kuhusu chumvi, nikajua atapona.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya cheti. Gazeti limeandika habari yote ukurasa wa kwanza, na ramani ya kinamasi, kubwa, na mshale.

Mkaza-mjomba wako


Kituoni, 11 Aprili

Mjomba, Mkaza-mjomba,

Shikamooni. Katapila zimeondoka. Zimeacha mashimo ya matairi yaliyojaa maji, na vyura wameshayahamia.

Mjomba, barua hii ni ya kwako zaidi.

Walikuja juzi, wawili, kwa pikipiki. Watu wastaarabu, walinisalimia vizuri. Mmoja alikuwa na gazeti lile limekunjwa upande wa ramani. Kwenye gunia lao kulikuwa na kulabu na minyororo. Waliuliza kama naweza kuwaonyesha wanapoota jua. Nilipokataa wakasema wataona wenyewe, ramani wanayo.

Mimi na Mama Upondo tukaenda kuulaza mtumbwi katikati ya mdomo wa mkondo, pale pembamba, tukakaa ndani yake. Kupita ilibidi watuguse. Walikaa ukingoni kutwa nzima wakitutazama, na sisi tukiwatazama. Mama Upondo alikuwa na upondo wake wa kusukumia mtumbwi magotini. Jua lilituchoma, niliogopa na sioni haya kukuambia. Saa kumi jioni wakainuka. "Tutarudi," wakasema, bila hasira, kama mtu anayeaga dukani.

Ulikuwa na haki ya kuogopa. Nilikuandikia maneno makali mwezi wa pili, na sehemu ya maneno yale ilikuwa ya mtu asiyejua. Nakuomba radhi kwa hiyo sehemu. Kwa iliyobaki siombi.

Ofisi imeahidi walinzi wawili, mwezi wa sita. Mpaka hapo tupo wanawake wawili na mtumbwi mmoja, na mikondo ya kuingilia ni mingi kuliko ninayoijua. Siondoki. Mkataba wangu umekwisha tarehe nne, nimewaandikia kwamba sijauona ukiisha.

Kidomo


Nyumbani, 16 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba.

Mikondo ya kuingilia ni saba. Sitaichora. Nitakuonyesha kwa kidole.

Mkaza-mjomba wako amemaliza sare za shule usiku na mchana, ameuza mbuzi wake wawili kwa jirani, na cherehani ameikabidhi kwa dada yake. Nilimwambia yeye abaki, matope ya kule si ya umri wake. Akaniuliza nani ataandika nikimkamata kobe. Nikakumbuka sina ruhusa ya kuandika taarifa tena. Yeye anayo, hakuna aliyefikiri kumnyang'anya.

Mwanafunzi wangu yule aliyekuwa akitazama dirishani alikuja jana mpaka mlangoni. Nilidhani amekuja kunitukana. Akatoa mtumbwi wake wa mpira wa kupuliza, akauweka kizingitini, akaenda zake. Kwa hiyo tutakuwa na mitumbwi miwili.

Umeandika kwamba nilikuwa na haki ya kuogopa. Naogopa bado. Nimekaa na woga huu peke yangu miaka mingi nikidhani ndiyo njia pekee ya kuwalinda, na nimechoka nao. Nimeona ni nafuu kuogopa nikiwa hapo, miguu ndani ya maji, pamoja na watu.

Tunapanda gari la samaki la Alhamisi. Wakitutangulia, usipigane nao. Laza mtumbwi, kaa ndani yake, na uwaambie mzee aliyewahesabu kobe hao yuko njiani, anakuja na mke wake, na wanakuja kukaa.

Mjomba wako